Funguo za Mukuru na daftari la akiba

Tarehe 20 Mei 2025, Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 katika mtaa mpya wa Mukuru, Nairobi, zikiwa za mwanzo kati ya 13,248 zilizopangwa kujengwa hapo. Nyumba ya chumba kimoja ilitangazwa kwa malipo ya kama shilingi 3,900 kwa mwezi, na anayelipa hadi mwisho anakuwa mwenye nyumba. Ni habari njema na sina haja ya kuipunguza. Ila tangu siku ile nimekuwa nikisikia hitimisho ambalo halitokani na habari yenyewe: kwamba kwa kuwa serikali sasa inajenga kwa maelfu, vyama vya wanavijiji, yaani wakazi wa mitaa ya mabanda, vilivyohangaika miaka yote na akiba ya shilingi ishirini ishirini havina kazi tena. Nimelisikia redioni, nimelisikia kwenye kikao cha wataalamu wa mipango ya miji, na juzi nikalisikia kwa rafiki ambaye mwenyewe alilelewa kwenye mabanda ya Mathare.

Naona tumekosea swali. Familia ya mtaa wa mabanda haifukuzwi kwa sababu jiji limekosa matofali. Inafukuzwa kwa sababu kibarua kimekosekana wiki mbili na kodi ikafika tarehe tano. Kwa sababu karatasi ya kiwanja ina jina la mtu ambaye hajawahi kulala pale hata usiku mmoja. Kwa sababu tingatinga lilipofika alfajiri hakukuwa na orodha yoyote ya kuonyesha nani alikuwa akiishi mlango upi. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la vikundi vya akiba vya mitaa ya mabanda nchini Kenya, umetumia karibu miaka thelathini kujenga njia za kushughulikia mambo hayo matatu, na nyumba hata zikijengwa laki moja haziyaondoi yenyewe. Ninachodai hapa ni kwamba mpango wa nyumba za bei nafuu ukiviacha nje vikundi hivi, utajenga nyumba nzuri ambazo watu wa Mukuru watazipita wakienda kazini.

Muungano ulizaliwa mwaka 1996, wakati ardhi ya umma Nairobi ilikuwa ikigawiwa waliokuwa karibu na wakubwa na mabanda yakibomolewa kuwapisha. Mwanzoni ulikuwa chama cha kuandamana na kwenda kortini. Mwaka 2000 likaundwa shirika la Pamoja Trust kuwapa wanavijiji msaada wa mawakili na wataalamu wa mipango, na mwaka 2003 ukaanzishwa mfuko wa Akiba Mashinani ambao hukopesha vikundi. Katikati ya hayo, wanachama walitembeleana na wenzao wa India na Afrika Kusini na kurudi na jambo moja ambalo wasomi wengi walilidharau: kuweka akiba kila siku. Kikundi ni cha kijiji kimoja. Kila mwanachama ana kitabu chake, mweka hazina ana daftari kuu, na mwanachama huweka alichopata, iwe shilingi hamsini au kumi. Pesa ni za wanakikundi, zinakaa benki kwa jina lao, na wao ndio wanaoamua nani akopeshwe, kiasi gani, na arudishe lini.

Kwa mtu aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi, akiba ya namna hii huonekana mchezo wa watoto. Miaka kadhaa iliyopita nilikaribishwa kwenye kikao cha kikundi kimoja cha mtaa wa Huruma, Nairobi. Mweka hazina alifungua daftari akasoma majina, na alipofika kwa mama mmoja akanyamaza, kwa sababu mstari wake ulikuwa mtupu siku kumi na moja. Hakuna aliyemsema vibaya. Wanawake wawili waliinuka wakaenda kwake, wakarudi naye baada ya nusu saa. Mumewe alikuwa ameumia kiwandani, kodi ilikuwa ya mwezi wa pili, na mwenye nyumba alikuwa ameahidi kung'oa mlango Jumamosi. Kabla ya kikao kufungwa alikopeshwa kodi ya mwezi mmoja, na mwenyekiti akatumwa kwenda kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu mwezi uliobaki. Ofisi gani ya serikali ingejua ndani ya siku kumi na moja kwamba familia ile iko hatarini? Mstari mtupu kwenye daftari ulikuwa kengele, na watu waliokuwa na sababu ya kuusikia waliusikia.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu ndicho kinachopotea tunapozungumzia makao kana kwamba ni hesabu ya nyumba tu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban kaya tisa kati ya kumi Nairobi ni za wapangaji. Mpangaji wa chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi hana mkataba wa maandishi. Analipa mkononi au kwa simu, na kama amechelewa anakuta kufuli juu ya kufuli lake. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ambayo ingemlinda inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani na ambacho hata mabanda mengi sasa yamekipita. Ni jambo la kushangaza kulisema waziwazi: mtu anaweza kuwa maskini kiasi cha kulala kwenye mabati na bado akawa analipa kodi kubwa mno kulindwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu wa kipato chake. Wakati huohuo, sheria ya kukamata mali ya mpangaji anayedaiwa kodi bado ina nguvu, na dalali anaijua vizuri.

Juu ya sheria hizo ipo Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwafurusha watu. Januari 2021, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson ambao nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011. Mahakama ilikubali kwamba hata watu wasio na hatimiliki wanaoishi kwenye ardhi ya umma wana haki ya makao inayopaswa kulindwa. Uamuzi huo una uzito mkubwa, lakini hebu tazama tarehe: miaka tisa na zaidi ilipita kati ya kubomolewa na kusikilizwa hadi mwisho. Mtoto aliyekuwa chekechea siku ya bomoabomoa alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi hukumu ikisomwa. Haki ya namna hiyo humfaa mtu tu kama kuna chombo kinachomshikilia asizame wakati anaisubiri, na chombo hicho kwa wakazi wengi kimekuwa kikundi cha kijiji.

Kazi ya pili ya Muungano ni kuhesabu watu. Mukuru yenyewe ndiyo mfano mkubwa. Vijiji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani vimekaa juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa iligawiwa watu binafsi na kampuni ili wajenge viwanda vidogo. Wengi wao hawakujenga, na wakazi waliendelea kuongezeka juu ya karatasi za wengine. Wakazi walikwenda kortini mwaka 2012 kuzuia kufurushwa. Utafiti uliofuata, uliofanywa na vyuo vikuu pamoja na Muungano na Akiba Mashinani, ulitoa takwimu ambayo kila mchumi wa Kenya anapaswa kuijua: mkazi wa Mukuru alikuwa akilipa maji kwa bei iliyozidi ya mitaa rasmi kwa asilimia 172 kwa kila mita ya ujazo, na stima kwa asilimia kati ya 45 na 142 zaidi. Yaani aliye na kidogo ndiye aliyekuwa akitozwa zaidi, kwa huduma mbovu zaidi. Hoja kwamba wakazi hawa hawawezi kulipia huduma ilianguka hapo, kwa sababu walikuwa tayari wanazilipia kwa bei ya juu kuliko wenye mageti.

Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na kazi ya kupanga ikahusisha mashirika zaidi ya arobaini. Walihesabu kaya 100,561. Lakini lililonigusa zaidi ni jinsi walivyozipanga: kaya kumi kumi zikawa kikundi, kila kikundi kikatoa mwakilishi, wawakilishi wakakutana kwa eneo kubwa zaidi, hadi mpango wa barabara, mabomba na shule ukawa na sauti ya mtu aliyejua ni uchochoro upi hufurika Aprili. Barabara na mabomba ya maji yaliyoanza kuonekana Mukuru mwaka 2020 hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalitoka kwenye michoro ile. Wanaosema vyama hivi havikuacha alama wakatembee huko kwanza.

Sasa nije kwa hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya ukubwa. Kambi Moto, Huruma, ambako Muungano ulianza kujenga mwaka 2003 baada ya kukubaliana na Baraza la Jiji kulegeza viwango vya ujenzi, ni kijiji kidogo. Nyumba zake zimesimama kwenye kiwanja cha kama mita nne na nusu kwa nne na nusu, zinapanda ghorofa kwa ghorofa kadiri mwenyewe anavyopata pesa, na wakazi wenyewe walibeba mchanga na kufinyanga vipande vya sakafu ya zege wanavyoviita ladhi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ilichukua miaka mingi kwa familia chache, huku serikali ikizungumzia nyumba 200,000 kwa mwaka. Kwa mizani ya wingi, Muungano hauwezi kushindana na ushuru wa nyumba unaokata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa na kumtoza mwajiri kiasi hichohicho. Nalikubali hilo bila kusitasita. Anayetaka wanavijiji wamalize uhaba wa nyumba Nairobi kwa vitabu vya akiba anawabebesha mzigo ambao ni wa dola.

Hoja ya pili inaniuma zaidi, kwa kuwa inatoka kwa watu wanaowapenda wanavijiji. Wanauliza: je, akiba haiwaachi nje walio maskini kabisa? Mtu ambaye hata shilingi kumi hazipo anaona haya kuja kwenye kikao, na asiyekuja hajulikani. Na je, wenye mabanda na wapangaji wanaweza kweli kukaa chama kimoja, hali mmoja anaishi kwa kodi ya mwenzake? Kambi Moto walijibu kwa mapatano magumu: mwenye mabanda mengi alikubali kubaki na nyumba moja, na wapangaji wakapata nafasi zao. Mapatano hayo hayakurudiwa kwa urahisi kwingine. Huko Kibera, wenye mabanda walikwenda mahakamani na kuchelewesha ujenzi wa Soweto Mashariki kwa miaka. Aidha, Oktoba 2021, pamoja na michoro yote na kaya zote zilizohesabiwa, maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa nyumba ili barabara ipite. Muungano haukuweza kuzuia. Mtu akiniambia kwamba kuhesabiwa si kinga kamili, sina la kumjibu, kwa kuwa ni kweli.

Ila ipo hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi. Inasema kuwa maskini akipewa nyumba ataikodisha na kurudi kwenye mabanda kwa sababu ameyazoea. Ushahidi unaotajwa ni wa kweli: mradi wa Dandora ulioanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulikusudiwa wenye kipato cha chini na leo ni msitu wa maghorofa ya kupangisha, nyumba 600 za muda za Lang'ata, ambako familia za Kibera zilihamishiwa Septemba 2009 na kutozwa shilingi 1,000 kwa chumba, hazikuchukua muda kuanza kupangishwa kisirisiri, na hata nyumba 822 za Soweto Mashariki zilizokabidhiwa Julai 2016 hazikusalimika na tuhuma za aina hiyo. Kosa liko kwenye maelezo. Hakuna mtu anayezoea choo cha kulipia kila anapokwenda. Anayekodisha nyumba yake mpya anafanya hesabu ambayo mimi na wewe tungeifanya: kipato chake ni cha siku, malipo ya nyumba ni ya mwezi, na anapougua au mwajiri anapomwambia asirudi Jumatatu, kitu pekee alicho nacho cha kugeuza pesa ni vyumba vile. Kumlaumu kwa kuzoea mabanda ni kukwepa kuuliza kwa nini hakuwa na pa kukopa kodi ya miezi miwili. Katika kikao kile cha Huruma, jibu la swali hilo lilikuwa mezani.

Tena mambo haya si ya Nairobi peke yake. Dar es Salaam, bandari ilipopanuliwa na watu kuondolewa Kurasini, wenye nyumba walifidiwa na wapangaji wakabaki mikono mitupu, kwa sababu sheria ya fidia inamtambua mwenye jengo. Wapangaji waliokuwa kwenye vikundi vya akiba vya shirikisho la maskini wa mijini, wakisaidiwa na shirika la CCI, walichanga na kununua ardhi Chamazi, kusini mwa jiji, wakaanzisha chama cha ushirika na kufyatua matofali wenyewe. Walipata ardhi iliyo yao. Walipoteza pia ukaribu na bandari, soko na vibarua, na nauli ikawa kodi mpya. Nikiutazama mfano huo sioni ushindi wala kushindwa kwa shirika. Naona kwamba kikundi kiliokoa kilichoweza kuokolewa baada ya sheria kuwasahau wapangaji, na kwamba kingeokoa zaidi kama kingeitwa kabla ya ramani ya bandari kuchorwa.

Hapo ndipo mjadala wa Mukuru unapopaswa kuhamia. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, iliyokuja baada ya Mahakama Kuu kuubatilisha ushuru wa kwanza Novemba 2023, inawatambua wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi kuwa ndio walengwa wa nyumba za ngazi ya chini kabisa. Kwenye karatasi, huyo ni mkazi wa Mukuru. Lakini utaratibu wa kumfikia unamtaka ajisajili mwenyewe kwenye mtandao, aweke akiba ya amana mwenyewe, alipe kila mwezi mwenyewe, na akianguka aanguke mwenyewe. Mfumo mzima umejengwa kwa mtu mmoja mmoja mwenye kipato kinachojulikana, ukapelekwa kwa watu ambao nguvu yao yote iko katika kuwa wengi. Mama anayeuza mboga hana hati ya mshahara, lakini daftari la kikundi chake lina kumbukumbu ya miaka kumi ya alichoweka, alichokopa na siku aliyorudisha. Sijui benki iliyo na ushahidi bora zaidi wa tabia yake ya kulipa. Daftari hilo likikubaliwa rasmi kama uthibitisho, na akiba ya kikundi ikikubaliwa kama amana, kufikia nyumba kunakuwa kwa haki zaidi bila serikali kutumia hata shilingi moja ya ziada.

Lingine ni malipo yenyewe. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia malipo ya kila wiki nchini ambako mtu hununua tokeni za stima kwa shilingi hamsini. Na kwa kuwa magonjwa na kupoteza kazi ni mambo ya hakika, kila mtaa mpya unahitaji mfuko wa dharura unaosimamiwa na wakazi kwa taratibu zilezile za vikundi, ili kuchelewa miezi miwili kusiwe mwanzo wa kuuza haki ya nyumba kwa mtu wa nje. Wapo watakaosema kuwa huko ni kulea uzembe. Lakini mwanachama asiyerudisha mkopo huonana na wakopeshaji wake kisimani kila asubuhi, na hana mlango wa nyuma wa kutokea.

Vilevile tusisahau kwamba hata nyumba zote 13,248 zikikamilika, na hata zikiingia watu wa Mukuru watupu, kaya nyingine zaidi ya elfu themanini na saba zilizohesabiwa zitabaki kwenye vyumba vya mabati zikilipa kodi kwa mkono. Kwao, suala la kesho asubuhi ni kufuli na dalali. Bunge linaweza kuwasaidia mwaka huu kwa kupandisha kile kiwango cha shilingi 2,500 kiendane na kodi za leo, na kwa kufanya kufungia nyumba bila amri ya korti kuwa kosa ambalo polisi wa kituo cha karibu analijua na kulishughulikia. Muungano na mashirika yaliyo nao hayana uwezo wa kutunga sheria. Yanachoweza kufanya, na yamekuwa yakifanya, ni kuhakikisha sheria ikishatungwa kuna mtu katika kila kaya kumi anayejua namba ya kupiga.

Kwa hiyo, kabla ya awamu nyingine ya funguo kukabidhiwa, bodi inayosimamia nyumba hizi iwaeleze wananchi jambo moja. Kaya 100,561 zilihesabiwa mlango kwa mlango, kwa kazi ya wakazi wenyewe, na kaunti ikazipokea takwimu hizo. Je, walioingia katika nyumba 1,080 za kwanza walilinganishwa na orodha hiyo? Kama walilinganishwa, matokeo yachapishwe kijiji kwa kijiji, yabandikwe kwenye ofisi ya chifu wa Mukuru kwa Reuben na wa Viwandani. Kama hawakulinganishwa, kazi hiyo ianze na awamu inayofuata, na waitwe waliobeba madaftari waje wakae mezani majina yakisomwa.